Kabla hujapandisha Windows, angalia diski kwanza

Siku hizi kila anayeingia hapa saiba, duka letu la intaneti Kisauni, na laptopu kwapani swali lake ni lile lile, hii Windows 10 yangu imekuwa nzito, ukinitilia 11 itakimbia? Nimelijibu sana kwa mdomo nikaona bora niliandike. Kama wataka kasi, Windows 11 haikupi kasi. Watu wachanganya mambo mawili hapa, kuna kasi na kuna usalama, na kila moja lina dawa yake.

Nianze na kasi manake ndo inayouma watu. Laptopu nyingi tunazotumia hapa Mombasa ni zile ex-UK, EliteBook, ThinkPad, Latitude, zilizotumika maofisini huko nje zikaletwa huku. Ni mashine imara wallahi, zimeundwa kwa kazi. Lakini za zamani nyingi bado ziko na ile diski ya kuzunguka, ndani muna sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika na kimkono kinachotembea juu yake kutafuta faili. Sasa Windows ya siku hizi haisomi faili moja ikatulia, yasoma vijifaili chungu nzima vilivyotawanyika, huku antivirusi yakagua, huku apdeti yashuka, huku wewe umefungua Chrome, na vyote hivyo vyangojea kile kimkono kiende kirudi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka, angalia pale palipoandikwa Disk. Ukiona asilimia 100 na hujafungua chochote cha maana basi ugonjwa umeujua, na ukipandisha Windows ugonjwa huo utahama na wewe.

Dawa yake ni SSD, diski ya kisasa ambayo haina cha kuzunguka. Ile ya kawaida ya SATA yasoma kama MB 500 kwa sekunde, diski ya kuzunguka yenda kwenye 100 hivi ikisoma faili moja kubwa kwa mfululizo, na kwa vile vijifaili vidogo ndo yaachwa mbali kabisa. Hakuna kitu kimoja nilichowahi kumtilia mtu kwenye laptopu kikamfurahisha kama SSD, na fundi yeyote wa Digo Road aweza kuitia ungali wangojea.

Baada ya diski ni RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta inayoshika kazi ulizofungua. Microsoft wenyewe wameandika kuwa Windows 11 yataka angalau GB 4, lakini hiyo ni ya kuwaka tu, ukishafungua brauza na tabu zako za eCitizen ya huduma za serikali na KRA ya kodi na YouTube pembeni, imejaa, na ikijaa yaanza kuhifadhi kwenye diski na hapo tumerudi kule kule. Kwangu GB 8 ndo mwanzo.

Na kuna joto, jambo ambalo sisi watu wa pwani twalisahau. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ikipata moto sana yajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, ndivyo ilivyoundwa. Sasa chukua laptopu yenye vumbi la miaka kwenye feni, imewekwa juu ya godoro, msimu wa kaskazi, chumba hakina hata feni ya dari, halafu mtu asema Windows imechoka. Isafishwe, itiwe pesti mpya ya joto kwenye prosesa, ndo tuzungumze.

Ami yangu alinipigia simu juu ya jambo hili hili. Yeye alikuwa mtu wa kliaringi bandarini, siku hizi yuko nyumbani ila ndiye anayeweka mahesabu ya kamati ya msikiti wao, na laptopu yake ni EliteBook 840 G3. "Mwanangu, hii kompyuta naiwasha, nenda natawadha, narudi bado yazunguka. Njoo unitilie hiyo kumi na moja." Nikamwambia, "Shikamoo Ami, naja, lakini kumi na moja hiyo mashine yako haiikubali." Akanyamaza, kisha akauliza swali ambalo wateja wangu wengi hawaulizi: "Kwa hivyo yangu ndo imekufa?"

Haikufa Ami. Kilichopo ni kwamba Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, yataka TPM 2.0 (kichipu cha usalama), Secure Boot (kinga ya wakati mashine yawaka), na kwa upande wa Intel prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu isipokuwa chache sana. G3 ni kizazi cha sita. Nikamtilia SSD na RAM ikawa GB 8, na Windows ile ile 10, na sasa yawaka hata hajafika bombani. Upande wa kasi ukawa umekwisha.

Upande wa usalama ndo unaonikosesha usingizi mimi. Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Yawaka kama kawaida, Chrome bado yapata apdeti zake, lakini tundu likipatikana ndani ya Windows yenyewe halizibwi tena bure kama zamani. Mtu aniambia, mimi nina nini cha kuibiwa? Mkumbuke WannaCry ya Mei 2017, iliyofunga kompyuta za mahospitali Uingereza. Dawa ya tundu lile Microsoft walikuwa wameitoa tangu Machi, mashine zilizoshikwa ni zile ambazo hazikutiliwa apdeti au za zamani zilizokwisha kuachwa. Virusi vile havikuangalia nani tajiri.

Na saiba ni mbaya zaidi, manake hapa kwetu mtu aja na kitambulisho chake, PIN ya KRA, namba ya siri ya HELB ya mikopo ya wanafunzi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, vyote vyapita kwenye kompyuta yangu. Huyo mama aliyetoka Bombolulu kuja kujaziwa fomu hajui Windows gani iko pale, ameniamini mimi. Kwa hivyo siwezi kusema bora yawaka.

Nilivyoamua ni hivi. Mashine za saiba zenye kizazi cha nane zote zimeenda Windows 11, baada ya kutiwa SSD, si kabla. Zile kuukuu sikutaka ile njia ya kuilazimisha 11 kwa flashi iliyotengenezwa na programu ya Rufus, najua wengi wafanya na yawaka, lakini Microsoft wamesema wazi mashine kama hiyo hawaidhamini kupata apdeti, na apdeti ndo sababu nzima ya kuhama. Hizo nimezitia Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, ile ya Xfce iliyo nyepesi, Mint 22 ina apdeti mpaka 2029 na haina malipo. Mteja afungua brauza, afanya yake ya eCitizen, aprinti, aenda zake, wengi hata hawakuona tofauti. Kazi za fomu za Excel zenye makro, kama ile P10 ya KRA ya kodi ya mishahara, zafanyika kwenye mashine za Windows.

Ami sikumpeleka Linux, amezoea Excel yake na sikuona haja ya kumsumbua. Kwa mashine za nyumbani kuna ule mpango wa ESU, apdeti za usalama za Windows 10 mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, waingia na akaunti ya Microsoft ukikubali kuhifadhi settings zako kwao hulipi, au walipa dola 30. Tumemsajili, na muda huo ukikaribia kwisha tutamtafutia nyingine.

Wewe ambaye mashine yako yakubali 11, panda, lakini bakapu kwanza kwenye diski ya nje, na kama BitLocker, lile kufuli la diski la Windows, imewashwa nakili ile funguo ya kufungulia uiweke mahali pengine, si ndani ya laptopu hiyo hiyo. Usianze jioni umeme ukiwa wa wasiwasi. Ukishapanda na usipoipenda una siku 10 za kurudi Windows 10 bila kupoteza faili zako. Ikikuambia haina TPM usikate tamaa upesi, nyingi za maofisini zinayo ila imezimwa kwenye BIOS, ile menyu ya mashine kabla Windows haijawaka.

Na anayekwenda dukani kununua ex-UK sasa hivi, usitosheke kuambiwa ni Core i5. Soma namba yote, i5-8250U ni kizazi cha nane, i5-7300U ni cha saba na hiyo waachie wenyewe. EliteBook 840 G5 zilitoka na vizazi vyote viwili kwa hivyo jina la mashine pekee halitoshi. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika tpm.msc, uone 2.0 kwa macho yako ndo utoe pesa.