Kuizuru Tana kwa Kalenda ya Mto

Mabasi yanayotoka Mombasa kwenda Lamu hupita Garsen kila siku yakiwa yamejaa, na wengi wa abiria wake huijua Kaunti ya Tana River kama mahali pa kununua maembe dirishani na kunyoosha miguu kwa dakika chache kabla ya kuendelea na safari. Mimi nilizaliwa Malindi, lakini kwa mama ni Ngao, kijiji kilicho kando ya mto Tana, na tangu utotoni nimekuwa nikishuka kwenye basi hilo pale ambapo wengine wanabaki wamekaa. Mwaka jana rafiki yangu mmoja alikwenda katika ofisi ya utalii jijini Nairobi kuulizia safari ya kwenda Tana, akajibiwa kwamba huko hakuna cha kuona, ila joto na ng'ombe. Jibu lile liliniuma, na ndilo lililonifanya niketi kuandika. Vya kuona vipo, tena vingi, lakini anayeamua vionekane lini na vipi si mgeni wala mwenye hoteli. Mto ndio unaoamua.

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, wenye urefu wa takriban kilomita 1,000, na maji yake huanzia kwenye mlima Kenya na safu ya Nyandarua. Kwa hiyo mtu aliyeko Ngao au Garsen anaweza kuona maji yakipanda huku mbingu juu yake ni nyeupe na vumbi linatimka barabarani, kwa sababu mvua iliyoyaleta imenyesha siku nyingi nyuma, mbali sana, katika nchi ya baridi. Mto hujaa mara mbili kwa mwaka: karibu na mwezi wa Mei baada ya mvua za masika, na karibu na Novemba wakati wa vuli. Bibi yangu alikuwa na desturi ya kuchomeka vijiti vitatu ukingoni, kimoja chini ya kingine, na kila alfajiri alitutuma tukaangalie ni vingapi vimezama. Kijiti cha kwanza kikizama alisema maji yamekuja. Cha pili kikizama alianza kuhesabu mbegu za mpunga. Cha tatu kikizama tulihamisha kuku na magunia kwenda kwenye ardhi ya juu, na hakuna aliyeuliza sababu.

Naeleza haya kwa sababu mgeni anayefika bila kujua maji yako wapi anaweza kukuta barabara imekatika na udongo mweusi umegeuka kuwa utelezi usiopitika. Mafuriko pia si tamasha la kutazamwa. Mwishoni mwa mwaka 2023, na tena mwezi wa Aprili na Mei 2024, maelfu ya familia zilihama makwao, na katika siku za namna hiyo mtu asiye na ndugu wa kumsaidia afadhali asubiri. Wakati wa kuja ni maji yanapoanza kurudi mtoni.

Hapo ndipo delta inapokuwa katika uzuri wake wote. Mabonde yamebaki na madimbwi, maziwa madogo kama Shakababo yamejaa tena, na ndege huja kwa wingi usioweza kuuhesabu: yangeyange, korongo, kwarara, mnandi na mwari, wengine wakijenga viota vyao katika miti iliyosimama majini. Tangu mwaka 2012 delta hii, yenye hekta 163,600, imo katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa, na kuanzia Novemba hadi Machi huongezeka ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya. Njia bora ya kuwaona ni mtumbwi wa gogo moja, unaosukumwa kwa upondo na mtu aliyekulia hapo. Ukiketi humo, ukingo wa mtumbwi unakuwa na nafasi ya upana wa kiganja tu juu ya maji, na unajifunza haraka kutotikisika. Mjomba wangu husukuma bila kusema neno, kisha huacha ghafla na kuunyanyua upondo. Unafuata macho yake na unaona masikio mawili madogo ya kiboko yakitikisika kama yanafukuza nzi. Mtumbwi huzunguka mbali, taratibu, na safari inaendelea. Tafadhali usimwambie nahodha asogee karibu kwa ajili ya picha.

Maembe nayo yana msimu wake, na katika vijiji vya Wapokomo, wakulima wa kingo za mto huu, hukutana na Krismasi, jambo ambalo kwangu ndiyo sikukuu kubwa ya mwaka. Njia zote za Ngao zinanuka maembe. Ngowe ndilo linalosifiwa zaidi, refu, lililopinda kidogo kama mdomo wa ndege, lisilo na nyuzi. Kisha boribo na dodo, na batawi kwa wanaopenda yenye maji mengi. Watu walioajiriwa Mombasa na Nairobi hurudi nyumbani, makanisa hujaa, na jioni husikika ngoma ya mwaribe, ambayo wachezaji wake huanza polepole mno hata mgeni akadhani bado wanajiandaa. Ngao ilikuwa kituo cha wamisionari Wajerumani wa Neukirchen tangu miaka ya 1880. Si mbali sana kuna Golbanti, kituo cha Wamethodisti, ambako mwaka 1886 mchungaji John Houghton na mkewe waliuawa katika shambulio la Wamaasai. Katika Wapokomo wa juu, kuelekea Hola na kwingineko, walio wengi ni Waislamu, na huko msimu mkubwa ni Ramadhani na Idi, inayohama kila mwaka bila kuujali mto.

Januari na Februari, jua linapokausha barabara, ndio wakati wa kwenda msituni. Kati ya Garsen na Hola kuna Hifadhi ya Tana River Primate, iliyotangazwa mwaka 1976 ili kuwalinda wanyama wawili wasiopatikana popote pengine duniani: mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana. Wote wawili wamo hatarini kutoweka. Msitu wao ni ukanda mwembamba unaofuata kingo za mto, uliojaa mikuyu na mikindu, na ukitembea dakika chache tu kutoka majini unatokea kwenye nyika kavu yenye miiba. Mafuriko ndiyo yanayoulisha msitu huo, na tangu mabwawa ya umeme ya Seven Forks yaanze kujengwa huko juu, Kindaruma mwaka 1968 na baadaye Masinga mwaka 1981, mto haufuriki tena kama zamani. Jambo la hifadhi hii lina upande mwingine ambao mgeni anapaswa kuujua. Wanavijiji walikwenda mahakamani wakisema ardhi yao ilichukuliwa bila wao kushirikishwa, na mwaka 2007 Mahakama Kuu ikakubaliana nao. Mimi nawapenda mbega wale kwa moyo wote, lakini sikubali watu waliokaa nao kwa vizazi vingi wazungumziwe kana kwamba ni wavamizi. Chukua mwongozaji wa kijiji, umlipe vizuri, na umsikilize.

Katika miezi hiyohiyo ya kiangazi Waorma, watu wa ufugaji, huteremsha mifugo yao kutoka nyikani kuja deltani. Njia za kuyafikia maji wanaziita malka, na neno hilo limebaki katika majina ya mahali pengi. Kuona mamia ya ng'ombe weupe wakishuka malka asubuhi, huku wachungaji wakiwaita kwa miluzi, ni jambo ambalo sijawahi kulichoka. Njia hizihizi, na mashamba yanayopakana nazo, ziligharimu maisha ya watu zaidi ya mia moja katika mapigano ya mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 kati ya Wapokomo na Waorma. Nina ndugu waliowazika wao pande zote mbili, kwa sababu tumeoana. Ukifika, salimia kwanza na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha za mifugo ya mtu.

Hola, makao makuu ya kaunti, wengi hupita kwa kuongeza mafuta. Ningeomba wafike tarehe 3 Machi. Siku hiyo mwaka 1959, katika kambi ya kizuizini iliyokuwa hapa, askari wa gereza waliwapiga kwa marungu wafungwa wa Mau Mau waliokataa kufanya kazi ya kulazimishwa katika mradi wa umwagiliaji, na watu 11 wakafa. Serikali ya kikoloni ilitangaza kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa maiti ulionyesha vingine, na mwezi wa Julai mwaka huohuo bunge la Uingereza lilijadili mauaji hayo usiku kucha, mjadala uliochangia kuufikisha mwisho mfumo wa kambi zile. Nilipokuwa mdogo mzee mmoja alinionyesha mfereji akasema, hapa ndipo walipotakiwa kuchimba. Hakuongeza neno. Mfereji ulikuwa mkavu, kwa sababu mwaka 1989 mto uliacha njia yake na kuuacha mradi bila maji, na ulikaa hivyo miaka mingi kabla ya kufufuliwa.

Mto huu una tabia hiyo ya kuhama, na mahali pa kuielewa vizuri ni Kipini, unapoingia baharini. Mdomo wa Kipini ulikuwa wa mto mwingine mdogo, Ozi, na ni katika karne ya 19, zama za masultani wa Witu, ndipo mfereji wa Belazoni ulipochimbwa kuiunganisha mito hiyo miwili. Tana ikaifuata njia hiyo mpya, na ile ya zamani ikafifia. Nenda wakati wa kaskazi, bahari inapokuwa tulivu. Soko la samaki huanza mapema, na kamba wa Ghuba ya Ungwana ni watamu kwa sababu ya tope hilohilo ambalo mto umelibeba kutoka milimani. Karibu na Kipini yako magofu ya Ungwana, mji wa Waswahili wenye misikiti ya mawe, ambao mwanaakiolojia James Kirkman aliuchimbua katika miaka ya 1950. Yeye aliuhusisha na Oja, mji uliochomwa moto na Wareno chini ya Tristão da Cunha walipopita pwani hii mwanzoni mwa karne ya 16. Mizizi imeshika kuta, na unapopangusa majani makavu juu ya mawe ya matumbawe bado unaona chokaa ilivyosawazishwa kwa mkono. Gede, magofu mengine ya Waswahili karibu na Malindi, ina watunzaji, ina njia na vibao. Ungwana inastahili hivyohivyo, na inanisikitisha kuona msitu ukiila.

Kora iko upande mwingine kabisa, kaskazini, na wageni wengi huiingia kupitia Meru. Ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1989, mwaka ambao George Adamson, mlezi wa simba, aliuawa huko na majambazi, na kaburi lake lipo palepale alipoishi.

Kuna kitu kimoja ambacho mgeni hawezi kukiona Tana, nami nataka akijue kabla ya kuja. Wapokomo walikuwa na ngoma kuu iitwayo ngadzi, ambayo sauti yake ilikuwa sauti ya mamlaka ya wazee, na ambayo watu wa kawaida hawakuruhusiwa hata kuitazama. Wakoloni Waingereza waliichukua mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, ingawa Wapokomo wamekuwa wakidai irudishwe. Wakati huohuo, kila Mkenya anaposimama wima kuimba wimbo wa taifa, anaimba sauti ya bembelezo la mama wa Kipokomo, lililochukuliwa kuwa msingi wa wimbo huo mwaka 1963. Bibi yangu aliliimba bembelezo hilo akiwa amemweka mtoto mapajani na kumpigapiga mgongoni kwa vidole viwili, polepole kuliko bendi yoyote ya polisi niliyowahi kuisikia, na aliposikia redio ikiupiga wimbo wa taifa alikuwa akisema, hao wana haraka, mtoto hatalala.

Mwezi ujao nawapeleka wanangu kwa mara ya kwanza Shakababo. Bibi hayupo tena, lakini mjomba ameendelea kuchomeka vijiti, na jana jioni alinipigia simu kuniambia kwamba cha pili kimeanza kutokeza juu ya maji.