Mtaa wa maghala ya mvinyo, Hajós
Leo nimezunguka Hajós, kusini mwa Hungaria. Pembeni mwa mji kuna mtaa mzima wa maghala ya mvinyo, zaidi ya 1,000! Vijumba vyeupe vimebanana, lakini huoni nguo zilizoanikwa. Wenyewe wanaishi mjini. Juu wanakamua zabibu, chini wamechimba udongo laini wa manjano wakapanga mapipa. Nje jua kali, ndani unatafuta sweta.

Walioanzisha ni wakulima Wajerumani waliohamia karne ya 18. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wazao wao wengi walifukuzwa nchini. Hilo limenikaa kichwani kuliko mvinyo wenyewe (kadarka, mwekundu mwepesi, si mbaya).

Ukienda, nenda mwezi Mei, sikukuu ya Mtakatifu Urbano, msimamizi wa wakulima wa zabibu. Siku nyingine milango mingi imefungwa.