Foleni ya leo imenipima imani

Jamani leo nimesimama foleni mpaka miguu ikauma, na ile ya pembeni ndo ikawa inatembea, nikahamia, wee, nilivyofika tu mashine ya kadi ikagoma. Dada wa kaunta anaipigapiga, anaizima anaiwasha, jasho linamtoka, na mimi nimekunja sura kama namdai. Na asubuhi hiyohiyo nimetoka kusoma Wagalatia 5:22-23, tunda la Roho, neno uvumilivu nimelipigia mstari kwa kalamu nyekundu kabisa!! Yani hata wino haujakauka mtihani huu hapa. Nikajikuta nimesonya. Kwa sauti. Akaniangalia akasema "samahani mpendwa", hilo mpendwa ndo lilinimaliza, nikaanza kupanga vitu vyangu kwenye mfuko mwenyewe huku natafuta pa kuficha uso.