Limao zima au nusu

Nimemdanganya fundi wangu wa nguo. Leo siku ya nne, na bado nalisikia lile futi likinizunguka kiuno.

Nilikwenda Jumamosi kupima sare ya kamati, kile kitenge cha bluu nilichokilalamikia humu. Mama Shamsa hapimi mtu kimyakimya. Alizungusha futi, akalitazama, akalizungusha tena. Akafunua daftari lake mpaka ukurasa wangu wa mwaka jana, penseli imeanza kufifia: kiuno 38.

"Mama Neema! Thelathini na tatu!"

Nikacheka tu.

"Umepungua, umependeza! Nyama uzembe zote kwisha. Unatumia nini, shoga? Usininyime."

Jibu la kweli mnalijua ninyi mliokuwa nami tangu Februari. Vidonda vya tumbo. Uji unaingia, uji unatoka. Damu 9.1, na mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Ngazi za ofisini nilikuwa nazipanda kwa vituo, kama daladala. Jibu la pili sikujua kwamba ninalo mpaka liliponitoka.

"Maji ya uvuguvugu na limao. Asubuhi, kabla hujatia kitu mdomoni."

Akaandika. Kwenye daftari lilelile, pembeni ya vipimo vyangu. Kisha akainua penseli.

"Limao zima au nusu?"

"Nusu."

Nusu! Mwongo mwenye vipimo kamili.

Wiki hii mahari ya Jojo imepokelewa, ofisi nayo imetangaza kupungua (watu kumi na wawili, majina bado), na Baba Neema amerudi kutoka Mbeya na magunia mawili ya viazi. Siku nyingine nitayaandika. Mimi bado niko kwenye zima au nusu.

Nimejiuliza kwa nini sikusema ukweli, na jibu silipendi. Pale kibandani walikuwepo wanawake wawili wanasubiri kupunguziwa mikono ya magauni. Mama Shamsa alipotaja 33 waligeuka wote, wakanitazama kuanzia chini kwenda juu, na mmoja akamwambia mwenzake, "Mwenzetu ana moyo." Ana moyo! Mimi, niliyeshindwa kumaliza andazi moja mwezi wa tatu nikalia mbele ya Neema. Lakini nilisimama wima. Nilijiona nimefanya kazi fulani. Ningetaja vidonda, pole zingeanza, na nisingetoka pale na ule mgongo ulionyooka.

Si kwao peke yao. Hata nesi aliyenipima mwezi wa nne alinisimamisha mbele ya chati ya urefu na uzito, kilo 67 kwa sentimita 165, kidole chake kikatua kwenye kijani. "Uzito sasa umekaa vizuri, hongera." Mkono mwingine ameshika karatasi yangu ya vidonge vya kuongeza damu. Mwaka jana, na kilo zangu 81, nilikuwa natembea kutoka kituoni hadi nyumbani jioni, nabeba ndoo, nalala fofofo, na chati hiyohiyo ilikuwa inanikaripia. Baba Neema, ambaye hesabu ndiyo dini yake ya pili, anasema kanuni ya chati ile, ya kulinganisha uzito na urefu, ilitungwa miaka ya 1830 na Mbelgiji mmoja, Adolphe Quetelet, ambaye hakuwa daktari hata kidogo. Alikuwa mtu wa nyota na takwimu, anatafuta binadamu wa wastani yukoje. "Alikuwa anapima umati," akasema, "hakuwa anakupima wewe." Nikamwambia angeyasema hayo mbele ya nesi. Akaendelea kumenya kiazi.

Tena limao lenyewe sikulitunga hewani. Daktari alisema mchicha na maharage viende na limao kidogo au chungwa, tumbo likikubali, maana huusaidia mwili kuyachukua madini ya chuma, na chai niisogeze mbali na mlo kwa sababu inayazuia. Kwa hiyo limao nilipewa ninenepe, nami nimeligawa watu wakonde.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi simu ikaita. Mama mkubwa, Bukoba. Magoti hayakumruhusu kuja kwenye mahari, lakini picha zimemfikia.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Shikamoo mama. Siumwi."

"Marahaba. Unaumwa?"

Nikamweleza habari za vidonda, vidonge vya siku 14, damu inayopanda, sasa 10.8. Alisikiliza yote. Akauliza kwa sauti ya chini, kama vile kuna mtu mlangoni, "Na watu huko wanasemaje?"

"Wanasema nimependeza, mama."

Kimya. Nikadhani salio limekwisha.

Mama mkubwa alikuwa msichana pale Kagera wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipogunduliwa, 1983. Kabla ugonjwa haujajulikana jina, watu wakauita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kinavushwa kutoka Uganda. Ng'ambo ya mpaka wenzao waliuita Slim, yaani wembamba wenyewe ndio ugonjwa. Kaka yake, mjomba ninayemjua kwa picha moja tu, ile aliyoegemea baiskeli, alipoanza kupungua alivaa suruali mbili. Suruali mbili na sweta chini ya shati, ili akienda sokoni asionekane. Mama mkubwa ndiye aliyekuwa anazifua. Jumatatu ndipo aliponiambia hilo la kufua. Habari ya suruali niliijua, ya kufua sikuijua. Alisema zilikuwa zinakauka haraka, hazikuwa na jasho la mtu anayefanya kazi.

Akaniambia nile. Akaniambia anatafuta mtu wa kumpa senene aniletee. Akaniaga, akapiga tena baada ya dakika mbili kuuliza kama Baba Neema anajua naumwa nini hasa. Hilo swali nililielewa vizuri kabisa, na sikukasirika.

Tangu hapo lile "umependeza" haliniliwazi. Nikilikumbuka naona kamba ya nguo Bukoba na suruali mbili mbili.

Leo nikitoka kazini nimepitia kibandani, nimeazimia kusema. Chupa ilikuwa juu ya cherehani, maji ya rangi ya maziwa, vipande vya limao vinaelea. Wala si nusu, limao zima.

"Siku ya nne," Mama Shamsa akasema, akajishika chini ya kifua. "Asubuhi linawaka huku, mama! Ndiyo mafuta yanakatika, eeh?"

Nikamwambia yote. Vidonda, damu, vidonge, kwamba limao nililitaja tu, kwamba huo moto wa asubuhi aende akapimwe asije akawa kama mimi. Alinitazama kwa huruma kidogo, ya mtu anayemwonea haya anayedanganya vibaya.

"Ndivyo mlivyo wote," akasema. "Mkishapungua, siri mnaficha."

Akaivuta chupa karibu yake. Nimemwomba aache upindo mkubwa ubavuni, inchi mbili kila upande, wa kufumua baadaye. Akacheka, akasema sitauhitaji. Kesho nitampigia, labda kwenye simu ataniamini.

Saa tano usiku sasa. Pampu inanguruma tangu saa mbili na simtanki halijajaa. Ama bomba limepasuka pale chini ya mwembe tena, ama maji ya mtaa yamekatika na inavuta upepo. Baba Neema amelala, tochi ameiacha Mbeya, na uniti za umeme zimebaki tisa.