Sasa mnafagia nini?

Siku ya nne leo na bado swali la Shangazi limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Alikwishaiona ile video ya kalingi, mchezo wa kutelezesha mawe mazito juu ya barafu kuelekea shabaha, huku wenzako wakiifagia barafu mbele ya jiwe. Akapiga simu, hata shikamoo yangu hakuipokea vizuri:

"Mwanangu, hiyo barafu mkishaifagia, uchafu mnautupa wapi?"

"Hakuna uchafu, Shangazi."

"Sasa mnafagia nini?"

Halafu kicheko chake kile mnachokijua. Wiki hii mdogo wangu kapata karatasi zake za ukaazi na mwenye nyumba kapandisha kodi, lakini mimi nipo pale pale. Sasa mnafagia nini?

Ningemwambia barafu ya kalingi si laini kama kioo. Kabla ya mechi mtunza barafu hubeba mtungi mgongoni, akanyunyiza matone ya maji yanayoganda yakawa vipele. Jiwe ni la itale, na yale ya Olimpiki hutoka kisiwa cha Ailsa Craig, Uskoti. Uzito wake hauzidi kilo 19.96, na tumbo lake limechongwa kwa ndani hata ikabaki pete nyembamba tu inayogusa vipele. Bila vipele lingeganda kwenye barafu likafia njiani.

Na fagio lenyewe, Shangazi, si la chelewa. Ni sponji iliyovikwa kitambaa mwishoni mwa mpini mwepesi. Unaliegemea kwa uzito wako wote, unasugua mbiombio mbele ya jiwe; vipele vinapata joto kidogo, jiwe linafika mbali zaidi na halipindi sana. Kupinda kwenyewe ni kiroja. Fudikiza glasi mezani, isukume huku ukiizungusha kama mshale wa saa: itakwenda kushoto. Jiwe la kalingi litakwenda kulia, na wanafizikia wanabishana kwa nini mpaka leo. Ila fagio lisiguse jiwe linalokwenda. Likigusa, mwenye kosa hujitaja mwenyewe kabla hajaulizwa na mtu (jambo ambalo kwenye mpira wetu sijawahi kuliona).

Jibu zuri kabisa, nimelipanga mara ishirini. Jana usiku, nikiwa nalisafisha fagio, nikakwama.

Kwa sababu uchafu upo! Sheria inataka mfagiaji asiache takataka mbele ya jiwe linalokwenda. Unywele mmoja, uzi wa soksi, chembe ya mchanga: ikinaswa chini ya ile pete, jiwe linachepuka ghafla na kusimama, na mpango wote wa nahodha umekwenda na maji. Ndiyo maana kabla ya kurusha tunalilaza jiwe ubavu juu ya barafu na kulipangusa tumbo, bila kulinyanyua. Ndiyo maana pia viatu vya nje havikanyagi barafu kamwe, na kitambaa cha fagio kikianza kuchakaa hubadilishwa, maana chenyewe humwaga nyuzi.

Kwa hiyo Shangazi aliuliza swali la fundi, nami nikamjibu kama mgeni. Uchafu tunausukuma kando, vile vile alivyonifundisha kufagia uani, nisiurudishe mlangoni.

Sijampigia bado. Nitampigia Jumapili, na najua atacheka tena.

Hii friji nayo, tangu asubuhi inakohoa, inanyamaza, inakohoa. Na ndani mna kilo nne za nguru.