Kidole shingoni

Ulikuwa mwezi wangu wa tatu wa mafunzo katika hospitali moja hapa Moshi. Jioni bajaji ikaja hadi mlango wa dharura na fundi vyuma wa Pasua. Jiwe la grinda lilimpasukia akikata nondo, kipande kikamwingia shingoni, kushoto. Mwenzake, kwa huruma tu, akakichomoa. Hapo ndipo damu ilipofumuka.

Nilifungua shati walilomfungia. Damu nyeusi ikajaa, ikamwagika hadi begani. Nikashika forsepsi niutafute mshipa. Sista wa zamu, umri wa mama yangu, akanidaka mkono: "Dokta, usichokonoe. Ingiza kidole, bana."

Nikabana. Damu ikasimama.

Kidole kilikuwa kimeshavuka ule msuli mwembamba ulio chini ya ngozi, na kwa dalili zile hapakuwa na mjadala, ni thieta, chumba cha upasuaji. Pembeni ya ukucha niliusikia mshipa wa ateri ukidunda, mzima. Sista akashusha kichwa cha kitanda, maana vena ya shingo ikiwa wazi hunyonya hewa, na hewa hiyo ikifika moyoni inaua. Tulikwenda hivyo hivyo, mimi nimeinama kando ya kitanda, na thieta wakapaka ayodini shingo yake na mkono wangu kwa pamoja.

Daktari bingwa alichana kufuata ukingo wa mbele wa ule msuli mnene ushukao toka nyuma ya sikio. "Usikitoe mpaka nikwambie, mdogo wangu." Akaibana vena juu na chini ya kidole changu. "Haya, toa." Ilikuwa imechanika vibaya, akaifunga kabisa, kwani ya upande wa pili inatosha.

Nilidhani tumemaliza. Yeye akaanza kutafuta umio, njia ya chakula. Tundu la umio halivuji damu, huja kujulikana siku kadhaa baadaye, usaha umeshashuka kifuani. Akajaza maji kwenye kidonda, hewa ikasukumwa kwa mpira uliopitishwa puani hadi kwenye umio. Sote tuliinama kutazama maji. Hakuna povu.

Asubuhi nilimwomba yule fundi ataje jina lake, kwa sababu neva ya sauti hupita jirani na vena ile. Akalitaja, sauti nyofu. Mama yake alishika chupa ya mtori, akauliza kama ampe. Nikamwomba asubiri ruhusa ya bingwa.

Kesho yake nilimkuta akimeza, kijiko kwa kijiko. Nilisimama pale nikilitazama koo lake likipanda na kushuka.