Kupanda Njoro: kutafuta nyumba kando ya chuo, Nakuru ikiwa karibu

Kwa anayetaka mji mdogo wa chuo bila kuiacha Nakuru, Njoro ndiyo ya kwanza kuangaliwa. Nilipanda matatu saa moja asubuhi, siku ya kazi. Ukienda Jumapili huoni kitu: barabara tupu, matatu zenye nafasi tele, na kila mwenye ploti ya kupangisha atakuambia Nakuru mjini ni hapo tu.

Chuo Kikuu cha Egerton kiko kama kilomita 25 kutoka Nakuru, lakini safari hii hupimwa kwa saa. Asubuhi gari linaloshuka kwenda Nakuru hujaa upesi. Linalopanda hungoja, na konda haondoki kiti kikiwa wazi. Jioni kila mtu anapanda, na mvua ikinyesha nauli hupanda nayo. Ijumaa wanafunzi humiminika mjini, Jumapili jioni wanarudi. Saa hizo beba subira.

Tuliacha barabara kuu ya Eldoret kwenye njia panda ya Njoro. Upande wa Ngata ndiko liliko kasri la Lord Maurice Egerton, yule aliyeanzisha shule ya kilimo mwaka 1939, ambayo ilikuja kuwa chuo kikuu mwaka 1987. Mashamba ya ngano yanayofuata yana maana kwa mpangaji. Njoro ina wakulima, soko na kituo cha utafiti wa ngano, kwa hiyo chuo kikifungwa maduka hayafungwi. Njokerio, makazi yaliyo langoni mwa chuo, hutegemea mwanafunzi kwa kila kitu. Likizo ndefu ikifika, vibanda vya chapati na maharagwe hufungwa na bodaboda hupungua. Kati ya Njoro mjini na chuo ni kama kilomita 5. Mwanafunzi akae Njokerio. Mwenye familia, au anayeshuka Nakuru kila siku, akae Njoro mjini.

Kwenye vyumba, jambo la kwanza ni maji. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina madini mengi ya floraidi, na huwezi kuyatambua kwa ladha wala harufu. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani. Kiwango cha juu kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya mtoto yanayoumbika bado ndani ya ufizi hupata madoa ya kahawia ambayo hayatoki kwa mswaki. Muulize keateka, yaani mtunza ploti, tangi linajazwa kutoka wapi. Akikujibu "ni maji safi tu", hajakujibu. Kama ni ya kisima, yatumie kuoga na kufua. Ya kunywa na kupikia yawe ya mvua yaliyokingwa kwenye paa safi na kuchemshwa, au yaliyopita kwenye chujio la mkaa wa mifupa.

Kisha stima. Ploti nyingi zina mita moja kubwa na mita ndogo za wapangaji, na bei ya uniti hupangwa na mwenye nyumba. Omba kuonyeshwa mita ya chumba chako, nunua tokeni ya pesa kidogo kwa simu yako mwenyewe, uiingize ukiwa umesimama hapo. Ikikataa, au tokeni ikibidi ipitie kwa keateka, ujue kila stima ikikatika usiku utamtafuta yeye kwanza.

Eneo la chuo liko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari na usiku baridi inauma. Angalia juu: mabati bila dari humaanisha blanketi mbili. Pitisha kiganja ukutani, chini ya dirisha na nyuma ya mlango. Rangi mpya inayobanduka kama unga huficha ukungu, na godoro likiegemezwa hapo litaoza upande mmoja.

Kabla ya kulipa kodi na dipositi, andikianeni na mwenye nyumba kama miezi ya likizo inalipwa yote au nusu. Halafu kaa mpaka saa tatu usiku. Saa hiyo wanafunzi wote wako mtandaoni, na ndipo utaona intaneti ya simu yako ilivyo chumbani. Gari la mwisho kutoka Nakuru muulize konda. Mwenye nyumba atakutajia saa ya kukufurahisha.